Waya Uliovuka Ua wa Mama Shiro

Nyinyi mnaonunua stima kwa simu mkiwa mmelala kitandani, huenda hamjui kwamba zamani kulikuwa na mtu aliyekuja mpaka nyumbani kwenu kuisoma kwenye mita. Nilikuwa mmoja wao. Kuanzia Ruiru mpaka ng'ambo ya Thika, mwezi baada ya mwezi, nikiwa na koti la buluu na viatu vya mpira, niligonga mageti ya watu nikiita "Stima!" mpaka mtu atoke au mbwa atoke, na mara nyingi mbwa ndiye aliyetangulia.

Naandika haya kwa sababu ya mjukuu wangu Njeri. Anasoma chuo na anakaa hosteli huko Kahawa Wendani. Juzi aliniuliza, "Shosh, kwani kusoma mita ilikuwa kazi ya mtu mzima? Si ni namba tu?" Sikukasirika. Kwao mita ni kisanduku kidogo juu ya mlango, na hakuna anayekitazama mpaka kianze kulia kwamba stima inaisha. Nikamwambia kweli, ni namba tu, na daktari naye hushika mkono tu akahesabu mapigo.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Gathogo, mtu mwembamba aliyetembea polepole na akawahi kumaliza kuliko sisi sote. Siku yangu ya kwanza alinifunza mambo ya mbwa kabla ya mambo ya mita. Alisema mbwa huogopa mgeni anayenyamaza, kwa hiyo ongea tangu barabarani, ongea chochote, hata kama ni kuhusu mvua. Tena akaniambia nisibadilishe koti. Sikumsikia. Kazini walipotupa makoti mapya nilivaa langu siku hiyo hiyo, nikaenda nyumba moja Makongeni ambako mbwa alikuwa ananijua miaka na miaka na hata alikuwa akinisindikiza getini. Alinirarua sketi. Mwenye nyumba alitoka mbio, akanifunga leso yake kiunoni, na mbwa akaja kunusa viatu vyangu, akajua ni mimi, akaanza kutikisa mkia kana kwamba hakuna lililotokea.

La pili alilonifunza ni kutogombana na mwenye nyumba. "Usimwambie ametumia nyingi," alisema. "Mwambie mita imesema." Ukimwambia ametumia nyingi, unaingia kwenye mambo ya jikoni kwake, na hujui huko jikoni kuna nini.

La tatu lilikuwa ile tarakimu nyekundu ya mwisho kwenye mita za zamani. Hiyo haiandikwi, kwa sababu ni sehemu tu ya yuniti. Kulikuwa na mwenzetu mgeni kazini, Karanja, aliyeandika namba zote kwa bidii, pamoja na nyekundu. Nyumba ya mchungaji mmoja wa Ruiru ikaonekana inatumia stima mara kumi ya kawaida. Mzee Gathogo alipokuwa anapitia kazi yetu jioni alisimama hapo, akavua miwani, akauliza, "Karanja, huyu mchungaji ameweka posho mill ya kusaga mahindi kanisani?" Tulicheka mpaka Karanja mwenyewe akacheka, ingawa hakujua bado tunacheka nini. Ilirekebishwa kabla bili haijatoka, na mchungaji hakupata kujua alivyoponea chupuchupu.

Basi zikaja mita za tokeni, ambazo unalipa kabla ya kutumia, na mguu wangu ukapumzika. Sina kinyongo nazo. Magoti yangu yalikuwa yameanza kulalamika, na kusema kweli kuna wenzetu waliokuwa wakisoma mita wakiwa wameketi hotelini na kikombe cha chai, wakikisia. Mita ya tokeni haikai hotelini. Lakini kitu kimoja kilipotea. Zamani mtu alipoona bili imemshinda alikuwa na wa kumuuliza, hata kama ni kunifokea mimi getini. Siku hizi anaifokea simu.

Kisha tukaambiwa redioni kwamba biashara ya stima inafunguliwa, wauzaji watakuwa wengi, na kwa vile watashindana, bei itashuka. Inawezekana ni hivyo kwa wenye viwanda. Huku kwetu, muuzaji mpya niliyemwona kwa macho yangu ni mwenye ploti, yaani mwenye nyumba za kupangisha. Nendeni Wendani, nendeni Witeithie mwone. Jengo zima lina mita moja kubwa ya kampuni ya stima, na ndani yake mwenye nyumba ameweka mita zake ndogondogo, moja kila chumba. Analipa ile kubwa, kisha anawauzia wapangaji tokeni zake kwa bei yake. Mpangaji hachagui wa kununua kwake. Anachagua chumba, na chumba kinakuja na muuzaji wake.

Siwalaumu wote. Kabla ya hizo mita ndogo, wapangaji waligawana bili sawasawa, na mwenye redio alichukiana na mwenye pasi mpaka mmoja akahama. Nimeshuhudia watu wakichunguliana madirishani kuona nani hajazima taa. Hayo nayo hayakuwa maisha.

Shida ni jambo ambalo wengi hawajui, na ningependa nyinyi vijana mlijue kabla hamjapanga nyumba. Watu hudhani stima inauzwa kama sukari, kwamba bei ya kilo ni moja na ukinunua gunia unapunguziwa. Stima ya nyumbani ni kinyume. Kampuni inaangalia wastani wa matumizi yako ya miezi mitatu, inakuweka kwenye ngazi yako. Ukitumia kidogo, kila yuniti ni nafuu. Ukipanda ngazi, kila yuniti inapanda bei, hata ile ya balbu ya chooni. Sasa weka familia nyingi zenye balbu mojamoja nyuma ya mita moja. Mita haioni familia. Inaona mtu mmoja mwenye matumizi makubwa, na inawauzia wote kwa bei ya huyo mtu, kabla mwenye ploti hajaongeza yake.

Nilikuwa nimeshastaafu nilipopigiwa simu na Mama Shiro wa mtaa wa Landless, Thika. Jina lake ni Wanjiku. Nilikuwa nikisoma mita yake tangu alipoolewa, na baada ya mumewe kufariki tuliendelea kujuliana hali. Ana kiploti kidogo alichoachiwa, nyumba ya mabati, na mita yake mwenyewe. Sebuleni alikuwa na mashine ya kuangulia vifaranga. Mayai hukaa humo wiki tatu na joto halitakiwi kukatika, kwa hiyo mashine inakula stima usiku na mchana, kidogo kidogo. Vifaranga hivyo ndivyo vilimsomesha Shiro chuo cha uuguzi.

"Mama Njeri, kuja uone hii mita," aliniambia, maana huniita kwa jina la mjukuu wangu. "Inaniibia."

"Inakuibiaje?"

"Nanunua tokeni ya pesa ileile, lakini inaisha hata wiki haijaisha. Na Shiro ako na mtihani, wamesema bila fee haingii. Nikizima mashine mayai yote yameharibika. Nisipozima, pesa ya fee inaingia kwa stima. Nifanye nini?"

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Nilimkuta amekonda uso. Alinionyesha zile meseji za tokeni kwenye simu, na mara moja nikaona kilichotokea. Bei ya kila yuniti ilikuwa imepanda. Wanjiku alikuwa amevuka ngazi. Lakini mashine ilikuwa ileile, balbu zilezile, na Shiro hayuko nyumbani. Nikamwambia tuzime kila kitu.

Hilo nalo ni la Mzee Gathogo. Zima kila kitu ndani, kisha rudi kwenye mita. Zamani tulitazama lile gurudumu la bati, siku hizi kuna kitaa chekundu kinachokonyeza. Kikituliza jicho, uko peke yako. Kikiendelea kukonyeza, kuna mtu anakunywa nawe kikombe kimoja.

Tulizima. Mashine ya vifaranga tuliifunika blanketi kwa muda ili joto lisitoke. Kitaa kikaendelea kukonyeza, tena kwa haraka.

"Ah, hiyo ni ya Cucu," akasema Wanjiku, bila wasiwasi wowote.

Nyuma ya ua wake kulikuwa na ploti ya kupangisha yenye mita ndogo za mwenye nyumba. Chumba cha kwanza kilikuwa cha mama mzee tuliyemwita Cucu, yaani nyanya, Wairimu. Cucu ndiye aliyemlea Shiro wakati Wanjiku alipokuwa akizunguka na ndizi mitaani. Hakuwahi kudai hata sabuni. Sasa alikuwa na kifriji kidogo na aliuza mala, maziwa ya mgando, yakiwa baridi, pale mlangoni pake, kwa watoto na kwa vijana wa kazi za mjengo. Kwa bei ya tokeni za ploti, friji ilikuwa inamlia faida yote. Wanjiku alipojua, alitoa waya dirishani kwake, akaupitisha juu ya ua, akampa.

"Ni friji tu na balbu," akaniambia. "Ningemnyima aje?"

Nawaelewa watu wetu. Sisi tulikua tukiomba moto kwa jirani. Unaenda na kigae, unapewa kaa moja, na moto wa jirani haupungui. Akilini mwa Wanjiku, stima ilikuwa hivyo. Mimi niliyefanya kazi hiyo najua kwamba kupitisha waya namna ile ni hatari na sheria hairuhusu, na ninawakataza kabisa, lakini siku hiyo sikuwa na moyo wa kuanza na hotuba. Nilichojua ni kwamba kifriji na balbu haviwezi kukifanya kile kitaa kikonyeze hivyo. Nikamwambia twende kwa Cucu.

Tulimkuta amekaa kwenye kiti chake cha plastiki, akasimama kutusalimu kwa mikono miwili. Nikamuuliza kama naweza kuona waya unapofikia. "Ona, mwari," akasema, yaani binti, ingawa nina wajukuu. Waya uliingia kwake kwenye soketi ya kuunganisha. Friji ilikuwa imechomekwa hapo, na balbu. Na waya mwingine, mweupe, ulikuwa unatoka hapo, unapita juu ya dari, unaingia chumba cha pili.

"Na huu, Cucu?"

"Huo ni wa Mama Brayo. Ako na mtoto mchanga. Mtoto atakaa aje kwa giza?"

Kwa Mama Brayo kulikuwa na balbu, simu inachajiwa, na waya mwingine wa kijani ulioendelea chumba cha tatu. Alikuwa amemgawia Kevo, kijana mwenye mashine ya kunyoa, kwa kuwa Kevo humbebea maji. Kevo naye, alipoulizwa, alijikuna kichwa. "Auntie, mimi nilipatia tu msee wa mwisho pale. Ameachwa kazi, hata tokeni hana. Si ungefanya hivyo pia?"

Chumba cha mwisho mlango ulikuwa wazi. Ndani, juu ya koili ya stima nyekundu kama jua, ilikuwa inachemka sufuria kubwa ya githeri, mahindi na maharagwe. Mwenyewe alitukaribisha. Alisema ikiiva tule, ilikuwa jikoni tangu alfajiri.

Katika ploti nzima sikumpata mwizi. Kila mtu alikuwa ametoa kidogo cha alichopewa, na kila mmoja alidhani anayempa ni wa mwisho. Karo ya Shiro ilikuwa inachemka na maharagwe.

Tulirudi kwa Wanjiku. Nilimkalisha nikamweleza habari ya ngazi. Nilimwambia kwamba hasara si zile yuniti zilizoliwa na wengine tu. Kwa sababu yao, hata yuniti zake mwenyewe zilikuwa ghali, na zitaendelea kuwa ghali mpaka ule wastani ushuke. Alisikiliza akiwa ameshika mashavu.

"Kwa hivyo nikiwapa, najipandishia bei mimi mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Ngai! Na nani alijua hiyo?"

Nilipendekeza njia ambayo niliona ni ya haki. Cucu abaki na friji na balbu yake, nyaya za kuanzia chumba cha pili kwenda mbele zikatwe. Nilikuwa nimeshapiga hesabu kichwani, ikatosha. Nilijiona nimemaliza kazi. Tukarudi kwa Cucu kumwambia.

Cucu alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Aca. Hiyo hapana."

"Cucu, wewe utabaki na yako," Wanjiku akamwambia.

"Nibaki na taa, na mtoto wa Mama Brayo alale gizani, na ukuta ni huu mmoja? Kesho waniombe niwaambie nini? Mimi sitakuwa askari wa nyumba za watu, Wanjiku." Akamshika mkono. "Shiro ako na mtihani lini?"

Wanjiku akamwambia.

"Mtoto niliyembeba mgongoni," akasema Cucu. Akainama, akashika ile soketi, akaichomoa mwenyewe. Friji ilitetemeka ikanyamaza. Huko mwisho wa ploti tukasikia mtu akisema, "Ai, stima imeenda?"

Wanjiku alilia pale pale mlangoni. Cucu ndiye aliyembembeleza.

Shiro alifanya mtihani wake. Mayai yalianguliwa, si yote, lakini ya kutosha. Ninawaambia hili ili msidhani ushauri wangu ulikuwa mbaya. Kwa upande wa mita ulikuwa sahihi kabisa, na kama Mzee Gathogo angekuwa hai angeupitisha bila kuvua miwani.

Cucu alijaribu tena tokeni za mwenye ploti. Mala aliyokuwa akiuza ilibidi iuzwe siku ileile au imwagike, na kila asubuhi alikuwa akisikiliza kile kisanduku juu ya mlango badala ya kusikiliza wateja. Mwishowe mwanawe alikuja na pikapu ya mizigo akamchukua, akampeleka kwake Gatanga. Wanjiku alikuwa ameenda kuuza vifaranga. Aliporudi alikuta chumba kimefagiliwa.

Miezi mitatu ya ule wastani ilipotimia, bei ilishuka kama nilivyosema. Wanjiku alinipigia simu kunieleza. Nikamwambia hongera, naye akasema asante. Kisha akaniuliza, "Mama Njeri, Cucu aliondoka kwa sababu ya stima?" Nikamwambia sijui. Nilikuwa najua.

Nilikwenda Gatanga kumwona. Alikuwa ameketi nje akichambua maharagwe, mnene kidogo kuliko zamani, kwa hiyo nilifurahi. Nyumba ya mwanawe haina stima. Kile kifriji kilikuwa kwenye kona ya chumba chake, kimetandikwa kitambaa cha kufuma, na ndani yake alikuwa amepanga vikombe. Tuliongea mambo ya magoti, mvua, na kanisa.

"Bei ya Wanjiku ilishuka?" akauliza.

"Ilishuka, Cucu."

"Basi vizuri. Umwambie mimi sikuondoka kwa sababu ya stima. Mwambie nilikuwa nimechoka na town."

Nikasema nitamwambia. Akaendelea kuchambua. Baada ya kitambo akauliza, bila kuinua macho, siku hizi ni nani anayewauzia mala watoto wa ile ploti. Nikasema hakuna. Akauliza kama kale katoto ka Mama Brayo kameanza kutembea.

Iliniuma sana, na iliniuma zaidi kwa kuwa sikuona mahali nilipokosea. Nilipita Landless jioni hiyo hiyo. Wanjiku alinifungulia geti, akasimama akinitazama usoni, hakunipisha. Nikamwambia Cucu anamsalimu sana, ana afya, na kwamba hakuondoka kwa sababu ya stima, alikuwa tu amechoka na town.

Miaka yote ya kazi niliwasomea watu namba za kweli getini kwao, na wengi waliniambia nadanganya. Siku hiyo nilimdanganya Wanjiku nikimtazama machoni, naye akaniamini, akafuta machozi, akaingia kunipikia chai.